Inchi Nne za Mama

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumempeleka mama kliniki kwa ajili ya kifua. Kikohozi si kitu, shida ni pumzi. Akipanda vidaraja vitatu vya mlangoni kwetu anasimama kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Mimi nimemshika mkono huu, Mama Pacha mkono ule. Mama Pacha ndiye anayemwangalia mama nikiwa dukani, mwezi wa nane sasa. Wa rika langu, sauti kubwa, anaongea na mama utadhani wamesoma darasa moja.

Kabla ya kupuliza ile mashine ya kupima pumzi wanataka urefu. Mashine haiwezi kusema pumzi yako ni haba mpaka iambiwe wewe ni mrefu kiasi gani — jambo ambalo sikulijua. Mpimaji, bwana mmoja mwenye miwani, akamsimamisha mama ukutani. Mama akajikaza. Kisigino kinagusa, kichwa hakigusi. Mita moja na nusu kamili. Mpimaji akatikisa kichwa, akamwambia mama yangu, pumzika, tufanye kwa njia nyingine. Akamwomba anyooshe mikono yote miwili, huku na huku. Akavuta utepe kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Mita moja na sentimita sitini na moja.

Nikamuuliza mikono inahusiana nini na kifua. Akacheka. Akaeleza kwamba kwa watu wengi mikono ikinyooshwa hivyo hukaribiana na kimo cha mtu akisimama, ikizidi au ikipungua ni sentimita mbili tatu. Mgongo hufupika na uzee, mikono haifupiki. Kwa hiyo mzee aliyeinama usiuulize ukuta, iulize mikono yake.

Akaandika 161. Kisha akaniuliza kwa upole tu, huku akikunja utepe: hizi kumi na moja zilianza kupotea lini?

Nikasema sijui.

Mimi! Fundi cherehani, miaka ishirini na miwili kazini, ninayemshonea mama yangu kila nguo anayovaa. Sijui.


Jumanne, 4 Machi

Nimefungua duka saa mbili na sijashona hata kiraka. Nimetoa daftari la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake, na ukurasa wa mama ndio wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza.

Miaka saba iliyopita, gauni kutoka begani hadi kifundo cha mguu, inchi 52. Mwaka uliofuata 51½. Halafu 51, mara mbili. Halafu 50½. Halafu mwaka jana, mwezi wa pili: 48. Mwandiko wangu mwenyewe, na mstari nimepiga chini kwa rula.

Pembeni yake kuna safu ya mkono, bega hadi kifundo cha mkono. 22. 22. 22. 22. Haikupungua hata robo. Miaka saba mkono wa mama unaniambia mtu huyu ni yule yule, na urefu unaniambia anapungua, na mimi nimeziandika zote mbili kwenye mstari mmoja na kwenda zangu kunywa chai.

Siyo kwamba sikuona. Hapo ndipo moyo unaponisuta. Niliona! Mara ya kwanza nikasema kitambaa kimesinyaa kwa kufuliwa. Mara ya pili nikailaumu futi, ile ya kuning'inia shingoni, nikasema imevutika kwa uzee — nikanunua futi mpya. Futi mpya ikasema yale yale. Basi nikamlaumu mama. Nakumbuka kabisa, nikiwa na pini mdomoni: mama, simama vizuri basi.

Akasema, nimesimama, mwanangu.

Na magauni yake yakaanza kuburuza mbele na kupanda nyuma. Fundi asiyejua kazi angehangaika. Mimi nikapunguza mbele, nikaongeza nyuma, nikapata pindo limelala sawa kabisa. Nikamwonyesha na fundi jirani. Akanisifu, nikasifika. Nilimshonea mama kibiongo chake kwa ufundi mkubwa, wala sikujiuliza kimetoka wapi.


Alhamisi, 6 Machi

Picha za mgongo zimetoka. Daktari ni mwanamke wa maneno machache. Ametuonyesha kwa ncha ya kalamu: pingili tatu za uti wa mgongo zimebonyea. Moja ya zamani. Mbili zinaonekana za baadaye kidogo, hana uhakika. Mgongo ukiinama hivyo kifua nacho hukosa nafasi, ndiyo maana ya ile pumzi.

Akauliza, alianguka? Alinyanyua kitu kizito?

Mama akanitazama. Mimi nikatazama bango la kunawa mikono. Nimelisoma lote, hatua zote saba.

Mama akasema, uzee tu, daktari.

Daktari akasema uzee peke yake hauna haraka hivyo. Kilichovunjika juzi na kilichovunjika mwaka juzi havitibiwi sawa, kwa hiyo anataka tarehe. Kama hatuna tarehe tumletee karatasi yoyote yenye urefu wa mama wa miaka ya nyuma. Nikasema tutatafuta nyumbani.

Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu. Mkoba ulikuwa mapajani pangu.


Ijumaa, 7 Machi

Nimekuwa kichaa wa kupima. Kila anayeingia dukani nampima mikono. Mama mwenye nyumba: mikono 163, kimo 162. Fundi jirani: sawasawa, hakuna hata nywele. Mimi mwenyewe 160 kwa 158. Bwana harusi aliyekuja kujaribu koti amezidi mikono kwa sentimita saba. Nikamwambia ndiyo maana mikono ya koti inamkimbia. Akasema ndiyo maana mchumba wake hakupata pa kuponyokea. Tukacheka sana.

Sentimita saba, na yeye ni mzima kama ng'ombe. Kwa hiyo mikono nayo siyo msahafu, nikajiambia. Labda na mama alizaliwa hivyo. Labda mikono yake ni mirefu tu, basi.

Nilikaa na hilo kama dakika tano, tamu kweli. Halafu nikalifungua tena daftari.


Jumapili, 9 Machi

Mama amelala mchana. Mama Pacha ameenda kuwaona wanawe. Nitaandika mara moja, na nisije nikajidai nimesahau.

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa. Sare mia mbili na kumi, kazi niliyoikubali kwa mdomo mpana. Mwenye gari la vitambaa akaniletea majora matatu, akayashusha barazani, akaondoka. Wingu likafunga. Dukani mimi na mama tu, yeye amekaa anashona vifungo. Nikamwambia, mama, nishikie upande huu, mara moja tu, mvua hiyo. Hakusema hapana. Lini mama aliniambia hapana?

Majora mawili tukayaingiza. La tatu lilikuwa la kaki ya kaptula, zito kama mtu aliyezimia. Tulipofika kizingitini akatoa sauti. Siyo kelele. Kitu kama kikohozi kidogo. Akaachia, akakaa sakafuni, akaushika mlango. Anasema ngoja, ngoja, ngoja.

Nikaliingiza jora kwanza.

Nimeandika. Ndivyo ilivyokuwa. Matone yalikuwa yameanza, nikaliburuza ndani kwanza, kisha nikamrudia mama.

Nikamchua dawa, nikampa vidonge vya maumivu. Siku ya tatu hakuweza kulala chali. Wiki tatu mama alilala amekaa, na mito miwili mgongoni. Hospitali naijua iko wapi, siyo mbali. Nikajiambia sare ziishe kwanza. Nikajiambia ni mgongo tu, nani wa umri wake haumwi mgongo. Nilijitia hamnazo mpaka nikaamini mwenyewe.

Kaka yangu, anayeishi mbali, akapiga simu katikati ya wiki ya pili. Nikamwambia mama ana mafua. Mama alikuwa pale pale, anasikia. Akakohoa kidogo ili kunisaidia.

Sare zilikwisha siku mbili kabla ya wakati. Mwezi wa pili nikampima mama gauni jipya, la kumshukuru. 48. Nikapiga mstari kwa rula.


Jumatano, 12 Machi

Kaka amepiga simu. Nimemweleza picha za mgongo, pingili tatu, yote. Yote ila moja. Akasema, mdogo wangu, wewe ndiye macho yangu hapo, bila wewe mama angekuwa wapi. Anakuja Jumamosi.

Nikasema karibu sana.

Yeye ndiye aliyemleta Mama Pacha, mwaka jana katikati, nilipomwambia mama amechoka. Amechoka! Nina maneno mazuri mimi, yamekaa kama shati lililopigwa pasi.

Nimeshinda nikipiga pasi na kujifunza la kumwambia. Kaka, kuna jambo. Kaka, usikasirike. Kaka, mwaka jana. Mteja akaingia akanikuta naongea na kola.


Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi nimemvalisha mama mwenyewe, Mama Pacha alikuwa anatandika. Nikauona mgongo wake mchana kweupe. Sijui nilikaa nautazama muda gani. Akasema bila kugeuka, unanitazama kama kitambaa kilichokatwa vibaya.

Nikasema, mama, lile jora.

Akasema, jora gani?

Nikasema, la kaki. Unalikumbuka.

Akavuta gauni likashuka, akalilainisha kwa viganja. Akaniuliza, sare ziliwahi? Nikasema ziliwahi. Akasema, basi.

Siyo basi. Nilitaka kumwambia siyo basi. Nikamfunga vifungo. Viko sita nyuma, nimeviweka nyuma kwa sababu mbele vilikuwa vinajikunja, kwa sababu anainama. Kila kitu kwenye gauni lile nimekijua kabla ya daktari.

Nimeamua. Jumamosi namwambia kaka kabla hajavua viatu.


Jumamosi, 15 Machi

Kaka amevua viatu, amekunywa chai, ameoga, na mimi sijasema.

Nitaandika kwa mpangilio maana kichwa kimechafuka.

Tulikaa sebuleni wanne, mama kwenye kiti chake, Mama Pacha karibu na mlango anamenya machungwa. Kaka akashika mkono wa mama. Akasema, mama, mfupa haubonyei wenyewe, mara tatu. Niambie mimi mwanao. Ilikuwaje?

Nikavuta pumzi. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua. Nikasema, kaka —

Mama akanikatiza. Akasema, niliteleza bafuni.

Kaka akauliza lini. Mama akasema siku nyingi kidogo. Kabla ya mwaka mpya. Sikutaka kuwasumbua. Alisema vizuri kweli, kwa sauti ile ile ya kusema chumvi imekwisha. Kisha akanitazama, kidogo tu, akakohoa.

Nami nikafunga mdomo. Mungu wangu, ni raha gani ile! Naiandika hapa kwa sababu hapana mahali pengine pa kuisema: nilipata raha. Kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Kaka akanigeukia akasema, hukujua, mdogo wangu, usijilaumu. Nikatikisa kichwa. Akarudia, hukujua. Nikatikisa tena.

Raha ilidumu mpaka kaka alipouliza, bafuni ni nani anayepiga deki?

Mama akasema, mwanangu, haikuwa hivyo. Kaka akasema, mama, wewe huna ubaya na mtu, niachie mimi. Akamgeukia Mama Pacha.

Mama Pacha ana mdomo. Muuza maji akimpunja kikombe mtaa mzima husikia. Nilimngoja aruke, aape, atukane. Hakuruka. Aliweka kisu kwenye sahani. Akasema, mimi ndiye napiga deki kila siku tangu nije. Labda iko siku niliacha maji. Akafikiri, akasema taratibu, iko siku, wale pacha waliumwa, nilitoka mbio. Labda siku hiyo. Kama ni mimi, basi ni mimi.

Anaikumbuka! Anaitafuta siku ya kuangusha mtu ambaye hakuanguka, na ameipata.

Kaka hakugomba. Ingekuwa afadhali. Amemwambia kwa heshima kwamba kesho atamrudisha nyumbani kwake kwa gari, na Jumatatu Mama Pacha aje na sisi kwa daktari amweleze kuhusu bafuni, ili mama atibiwe kwa tarehe sahihi.

Tarehe sahihi.


Jumapili, 16 Machi, asubuhi

Nimemkuta mama macho. Nikamwambia, mama, umefanya nini?

Akasema, nilikusitiri. Sikujua uongo wangu ungemwangukia nani.

Nikamwambia basi tuseme wote wawili, mimi na wewe, tumwambie kaka. Akanitazama muda mrefu. Nilikuwa nimesimama na yeye amekaa, na hata hivyo nilijiona mdogo. Akasema, uongo nimekusemea mimi, mwanangu. Nimezeeka, nilikuwa nao mmoja tu. Ukweli siwezi kukusemea. Huo utausema mwenyewe.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Hawakusema lolote kuhusu anayeficha maradhi ya mwenzake.


Jumapili, saa tano

Mama Pacha amekuja chumbani kwangu na vichupa vya dawa. Amenipangia: hii asubuhi akishakula, hii mchana, hii asimeze bila maji mengi maana inamkwama. Mto mwembamba ndio anaoupenda, ule mnene anajifanya anaupenda kwa sababu umeununua wewe. Akiamka usimshike kwapani, mpe mkono wako aushike yeye, hataki kunyanyuliwa kama mzigo.

Miezi minane amejua yote hayo. Nikawa naitikia kwa kichwa.

Halafu akasema, dada, nisamehe. Umemtunza mama yako miaka yote, nimekuja mimi nimemvunja.

Nikamwambia, siyo wewe.

Nilisema! Nilisema kwa mdomo wangu. Akatabasamu na machozi yake, akasema, una moyo mzuri, dada, na akatoka.

Amedhani namfariji. Na mimi nimemwacha adhani.


Jumapili, saa sita kasoro

Naandika mlango ukiwa wazi. Kaka amekwisha washa gari, linanguruma pale nje. Mfuko wa Mama Pacha uko barazani, mmoja tu, wa plastiki, na juu yake gauni la kitambaa cha maua nililomshonea mwezi wa kumi na mbili. 54, mkono 23. Vipimo vyake vimekaa sawa kila mara.

Daftari liko hapa mkononi. Nimelifungua ukurasa wa kwanza. Ningeweza kumpa kaka bila kusema neno, asome mwenyewe, tarehe zote zimo, na ule mstari wa rula. Ningeweza pia kuuchana ukurasa huu sasa hivi. Ni karatasi moja. Nimeushika pembeni kabisa, kwenye kona.

Nasikia Mama Pacha amerudi ndani kumuaga mama. Kaka anamwambia taratibu, twende, tusichelewe. Hatoki. Nimechungulia. Amepiga magoti mbele ya kiti, amemshika mama miguu, anaomba radhi. Mama anamwambia inuka, inuka mwanangu, hukunikosea. Hainuki. Analia kwa sauti ile yake kubwa.

Mama anajaribu kumnyanyua. Ameinama, ameshindwa, amekaa tena anahema.

Ananiita.

Ananiita tena. Kaka naye amegeuka anatazama huku mlangoni kwangu. Mama anasema njoo, mwanangu, uje umwinue huyu. Mimi mgongo wangu unaujua tangu mwanzo.

Kaka anamuuliza mama, anaujua vipi?